Sura ya Sita: Kanda Isiyosikia Amri

Jumapili ya tarehe 27 Februari 2011, watu wengi waliofungua Gmail walikuta kisanduku kitupu. Intaneti haikuwa inasuasua wala nywila haikukataliwa. Akaunti ilifunguka vizuri tu, ikawapokea kana kwamba wamejiandikisha asubuhi ile: barua hakuna, mafaili yaliyoambatishwa hakuna, mazungumzo ya miaka na miaka hayapo. Google ilikadiria kwanza kwamba walioguswa hawafiki asilimia 0.08 ya watumiaji wote, baadaye ikashusha hadi asilimia 0.02. Ukiisoma tarakimu hiyo haraka utaona ni jambo dogo. Lakini Gmail wakati huo ilikuwa na watumiaji wanaokaribia milioni 200, kwa hiyo hata hiyo 0.02 ni makumi ya maelfu ya watu, na kila mmoja wao, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa amepoteza vyote.

Kesho yake Ben Treynor, aliyekuwa kiongozi wa wahandisi wa Google wanaohakikisha huduma hazianguki, alitoa maelezo. Programu ya kuhifadhi data ilikuwa imefanyiwa masasisho, na toleo jipya likaja na kasoro. Walipoitambua wakasimamisha masasisho na kurudi kwenye toleo la zamani. Hadi hapo ni habari ya kawaida ya mafundi. Swali lililowasumbua watu lilikuwa jingine: nakala ziko wapi? Google haiweki barua ya mtu mahali pamoja. Huiweka katika vituo kadhaa vya data vilivyo mbalimbali, ili kimoja kikiungua au kikikatikiwa umeme, kingine kishike kazi bila mteja kuhisi lolote. Nakala hizo zilikuwepo, na kasoro ilizipitia nazo vilevile.

Zilizosalimika ni zile zilizokuwa kwenye kanda za sumaku, nje ya mtandao kabisa. Treynor akawaomba watu subira kwa sababu inayoeleweka: kumhamishia mtumiaji kwenye kituo kingine cha data ni kazi ya milisekunde, bali kumrudishia vitu vyake kutoka kwenye kanda ni kazi ya saa nyingi. Barua zikaanza kurejea. Kwenye vyombo vya habari wapo waliocheka kidogo, kwamba kampuni inayojivunia wingu lake inaponea kwenye kanda kama studio ya redio ya zamani. Mimi sioni cha kuchekesha. Naona mtu aliyefikiria vizuri siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka.

Tuangalie kwa nini nakala za kwenye vituo vingine hazikusaidia, maana hapa ndipo ofisi nyingi zinapojidanganya. Mashine mbili zikiunganishwa ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye nyingine, zinakuwa zimekubaliana kutii amri zilezile. Kufuta nako ni amri. Karani akifuta folda ya mishahara saa kumi jioni, diski ya pili inaifuta saa kumi jioni ileile, kwa uaminifu mkubwa. Virusi vya kudai fidia vikianza kusimba mafaili kwenye seva ya Dar es Salaam, seva pacha ya Dodoma itapokea mafaili yaliyosimbwa, tena kwa kasi ya mkongo wa taifa. Mpangilio wa namna hii unakukinga dhidi ya diski iliyokufa. Dhidi ya mkono wa mtu, programu yenye kasoro, au mwizi, haukukingi hata kidogo. Ukimuuliza mwenye ofisi kama ana bakapu, atakuonyesha kwa fahari taa mbili za kijani zinazowaka pamoja.

Kanda iliyotolewa kwenye mashine yake na kuwekwa kabatini haina waya. Amri ya kufuta haiifikii. Haijui kwamba toleo jipya la programu limetoka. Ubora wake wote uko hapo, na tabu zake zote zinatokana na hapohapo, kama tutakavyoona, kwa sababu kitu kisichosikia amri mbaya hakisikii na amri nzuri. Siku unapokihitaji, lazima mtu aende akakichukue kwa mkono.

Kompyuta zilianza kuandika kwenye kanda mapema sana. UNIVAC ya 1951 ilitumia kanda ya chuma. IBM ikaleta mashine yake ya kwanza ya kanda ya plastiki, modeli 726, mwaka uliofuata. Tangu hapo kanda imetangaziwa kifo mara nyingi kuliko mwanasiasa yeyote. Zinazotumika zaidi leo ni za aina iitwayo LTO, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kampuni za IBM, HP na Seagate ili kila kiwanda kifuate vipimo vimoja. Kanda ya kizazi cha kwanza ilibeba gigabaiti 100. Ya kizazi cha tisa, iliyoingia sokoni 2021, inabeba terabaiti 18 kabla hata ya kubanwa, kwenye kasha la mraba linaloenea kiganjani.

Ndani ya kasha hilo kuna gurudumu moja tu, si mawili, na utepe wa mita 1,035 wenye upana wa nusu inchi. Unene wake ni kama mikromita tano. Unywele wa kichwani ni mnene kuushinda zaidi ya mara kumi. Mashine ikimeza kasha, hunasa kipini kilicho kwenye ncha ya utepe na kuuvuta hadi kwenye gurudumu lake yenyewe, kisha huanza kuusoma kwa mistari 32 kwa mpigo. Ikifika mwisho hairudi mwanzo. Inasogeza kichwa chake kidogo pembeni na kusoma ikirudi ilikotoka, huku na huko kama nyoka, na ili kuimaliza kanda nzima ya kizazi cha tisa italazimika kupita mara 280. Kasi yake ni nzuri, megabaiti 400 kwa sekunde, haraka kuliko diski nyingi za kuzunguka. Hata hivyo piga hesabu: terabaiti 18 kwa kasi hiyo ni saa kumi na mbili na nusu, ikiwa hakuna kilichokwama.

Na tatizo la kanda haliko kwenye kusoma mfululizo. Liko kwenye kutafuta. Aliyewahi kuzungusha kaseti ya taarabu kwa kalamu ya Bic ili aufikie wimbo wa upande wa pili anaielewa shida hii bila kufundishwa: kitu unachokitaka kiko mita mia saba mbele, na hakuna njia ya kukifikia ila kuzipita mita zote hizo. Faili moja la ukurasa mmoja linaweza kukuchukua dakika nzima kulipata. Mafaili elfu kumi yaliyotawanyika, ukiyaomba kwa mpangilio usiofuata mpangilio wa kanda, yatakumalizia siku. Kuna na kasoro nyingine ya tabia: kama seva inayopokea data ni ya polepole, mashine ya kanda inalazimika kusimama, kurudi nyuma kidogo, kisha kuanza tena, mbele nyuma, mbele nyuma. Mafundi husema inang'arisha viatu. Ukisikia mlio huo kwenye chumba cha seva, ujue kazi haitaisha leo.

Sasa tuchukue ofisi ya kawaida, tuseme SACCOS yenye wanachama elfu kadhaa na seva moja inayobeba kila kitu: hesabu za akiba, mikopo, barua. Umeme ulikatika usiku na kurudi kwa kishindo. Jumanne asubuhi seva haiwaki, na ikiwaka inalalamika kwamba diski mbili katika kundi lake hazionekani, wakati kundi hilo linaweza kuvumilia kufa kwa moja tu. Nakala kamili iliandikwa kwenye kanda Ijumaa usiku. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu usiku ziliandikwa kanda ndogondogo, kila moja ikiwa na yale tu yaliyobadilika tangu iliyotangulia. Wanachama wamejaa dirishani.

"Kijana, kanda si unazo?" anauliza meneja. "Mbona saa nne hii bado tumefunga?"

"Ninazo, mama. Mashine ya kuzirudishia ndiyo sina."

Jibu la fundi ni sahihi, na ndilo linalowashtua wengi. Kanda si seva. Imebeba yaliyokuwa ndani ya seva, basi. Kabla ya lolote panahitajika kompyuta nyingine yenye nafasi ya kutosha, na inayofanana na ya zamani kiasi kwamba mfumo endeshi uliorudishwa hautashangaa kukuta vifaa usivyovijua. Panahitajika mashine ya kusomea kanda, tena ya kizazi kinachofaa. Hadi kizazi cha saba, mashine za LTO zilisoma kanda za vizazi viwili nyuma. Kuanzia cha nane desturi hiyo ilikatika, kwa hiyo kanda ya kizazi cha sita ukiitia kwenye mashine ya kizazi cha nane haisomeki. Ofisi iliyonunua mashine mpya mwaka juzi na kuiuza ile kuukuu kwa fundi wa Kariakoo inaweza kugundua leo kwamba iliuza ufunguo pamoja na kufuli.

Tendo la kwanza la fundi mzuri ni dogo mno kiasi kwamba meneja hataliona. Kwenye ukingo wa kila kasha kuna kiswichi kidogo cha kuzuia kuandika. Fundi anakisukuma kwa ukucha kabla ya kasha kuingia popote. Sababu ni kwamba ratiba ya bakapu haijui kuna msiba. Ikifika usiku, programu itaikuta kanda ya Ijumaa imekaa mdomoni mwa mashine, itaihesabu kuwa ni zamu yake kuandikwa upya, na itaandika nakala nadhifu ya seva tupu juu ya nakala pekee iliyobaki. Kama ningeruhusiwa kubandika karatasi moja tu kwenye ukuta wa kila chumba cha seva, ingekuwa na mchoro wa kiswichi hicho.

Baada ya hapo ni kuweka mfumo endeshi, kisha programu ileile iliyoandika kanda, toleo lilelile au jipya zaidi. Programu hiyo huwa na katalogi yake, orodha ya kila faili na kanda gani limelala, mahali gani. Katalogi ilikuwa wapi? Kwa kawaida ilikuwa kwenye seva iliyokufa. Si mwisho wa dunia; programu nyingi zinaweza kuijenga upya kwa kuisoma kanda yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ila hapo ndipo zinapokwenda zile saa kumi na mbili ambazo hakuna aliyemwambia meneja. Mbaya zaidi ni ufunguo wa usimbaji. Kanda zinazosafirishwa nje ya ofisi husimbwa, na ni vizuri, kwa maana kanda iliyopotea kwenye teksi isiwe siri za wanachama zilizopotea kwenye teksi. Ufunguo wa kuzifungua ukiwa umehifadhiwa ndani ya seva hiyohiyo tu, basi kanda hizo ni plastiki. Hakuna fundi, hata umwite kutoka Ulaya, atakayezisoma.

Tuseme ufunguo upo, kwenye bahasha ndani ya sefu ya mhasibu. Kanda ya Ijumaa inaanza kumwaga data. Jioni inafuata ya Jumamosi, kisha ya Jumapili, kisha ya Jumatatu, kwa mfuatano huo na si vinginevyo. Ikiwa ya Jumapili ina jeraha, ya Jumatatu haiwezi kuruka na kukaa juu ya ya Jumamosi. Mnyororo umekatika na ofisi inarudi hadi Jumamosi. Ndiyo maana wengine huchagua njia ya pili, kila usiku kuandika yote yaliyobadilika tangu Ijumaa. Kanda zinakuwa nzito kadiri wiki inavyosonga, lakini siku ya kurudisha unahitaji mbili tu. Nami naipenda zaidi njia hiyo kwa ofisi ndogo. Nafasi ya kanda ni rahisi kuliko usingizi.

Mafaili ya kawaida yakirudi yamerudi. Hifadhidata ni habari nyingine. Kama nakala ilichukuliwa huku watu wakifanya miamala, nusu ya muamala inaweza kuwa imenaswa na nusu nyingine haikunaswa: pesa imetoka kwenye akiba ya mwanachama na haijaingia kwenye mkopo wake. Hifadhidata zilizotengenezwa vizuri huandika daftari la kila tendo kabla ya kulitenda, na baada ya kurudishwa hulisoma daftari hilo, hukamilisha yaliyokamilika na kutengua yaliyoishia njiani. Fundi aliyenakili mafaili ya hifadhidata bila daftari lake atapata kitu kinachofunguka na kinachosema uongo. Kwa hiyo kabla ya kufungua dirisha, mhasibu anakaa na vitabu vya Jumatatu, risiti za karatasi, jumla za benki, na kulinganisha. Mifumo yetu ya M-Pesa na benki inasaidia hapa, kwani upande wa pili wa kila muamala uko kwenye seva ya mtu mwingine.

Pengo linabaki. Kilichoandikwa kati ya kanda ya Jumatatu usiku na umeme kukatika hakimo popote. Katika ofisi hii ni saa chache za usiku, hakuna aliyekuwa kazini. Seva ingekufa saa nane mchana, pengo lingekuwa mchana mzima wa wanachama walioweka fedha na kuondoka na stakabadhi. Ukubwa wa pengo hauamuliwi na fundi siku ya msiba. Uliamuliwa siku ratiba ilipopangwa, na mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Neno moja kuhusu makabati. Watengenezaji wa kanda wanataka ihifadhiwe kwenye nyuzijoto kati ya 16 na 25, na hewa yenye unyevu usiozidi asilimia 50 hivi. Kwa masharti hayo wanaipa maisha ya hadi miaka 30. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam hazijawahi kuyasikia masharti hayo. Unyevu wa pwani hupanda mara kwa mara juu ya asilimia 70, na kiyoyozi cha chumba cha kuhifadhia ndicho cha kwanza kuzimwa Ijumaa jioni ili kupunguza bili ya umeme. Kanda iliyotolewa kwenye joto haifai kutiwa kwenye mashine papo hapo. Inaachwa ndani ya chumba cha seva, siku nzima ikiwezekana, izoee. Siku hiyo nayo haimo kwenye ahadi aliyopewa meneja.

Ofisi za watu wakubwa nazo hazina kinga dhidi ya nakala zisizorudi vizuri. Mwaka 1998 studio ya Pixar ilikuwa katikati ya kutengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu fulani akatoa amri ya kufuta mahali pasipo pake. Oren Jacob, mmoja wa mafundi wakuu wa filamu hiyo, alikuwa akitazama folda ya mhusika Woody, na mbele ya macho yake mafaili yakawa yanapungua. Akapiga simu kwenye chumba cha mashine waichomoe seva. Walipoiwasha tena, sehemu kubwa ya filamu haikuwapo. Wakaenda kwenye nakala zao na kurudisha, wakaendelea na kazi, na ndipo walipotambua kwamba walichorudishiwa kina mapengo. Bakapu ilikuwa imekwama kwa muda na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejaribu kurudisha.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa upande wa ufundi, aliyekuwa amejifungua na hivyo kufanyia kazi nyumbani. Alikuwa na nakala ya filamu kwenye kompyuta yake huko. Wakaifuata kwa gari, wakaifunga mablanketi, wakaiweka kiti cha nyuma na kuifunga mikanda. Kisa hiki husimuliwa kama muujiza, nami nakubali kinasisimua, lakini mara nyingi huachwa kipande cha mwisho: sehemu kubwa ya filamu hiyo baadaye ilifumuliwa na kutengenezwa upya kwa sababu hadithi yenyewe haikuwaridhisha. Kilichookolewa kwa mablanketi kiliishia kubadilishwa na watunzi.

Kisa kingine hakina kanda ndani yake, ila kinaeleza kanda kuliko vingi vyenye kanda. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya, iliyoanzia Ukraine, iliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makasha yake tunayaona kila siku bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Maersk walikuwa na nakala za data zao nyingi. Walichokikosa ni nakala ya seva zinazotunza orodha ya nani ni nani ndani ya kampuni na anaruhusiwa kuingia wapi, na bila orodha hiyo hakuna kinachoweza kurudishwa kikatumika. Seva hizo zilikuwa kama 150 duniani kote, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Waliozipanga hawakuwaza kwamba zote zingeweza kufutwa kwa pamoja. Zikafutwa kwa pamoja.

Isipokuwa moja, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, seva ikazimika, na amri ya kufuta ikaikuta imelala. Wahandisi waliokusanyika Maidenhead, Uingereza, walijaribu kuivuta kwa intaneti, lakini njia ilikuwa nyembamba na data ni mamia ya gigabaiti. Ingechukua siku nyingi. Ikaamuliwa diski isafiri. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo wa pili ndiye aliyeifikisha London. Mwenyekiti wa kampuni, Jim Hagemann Snabe, alisema baadaye huko Davos kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Kazi hiyo yote ilisimama juu ya kukatika kwa umeme huko Afrika Magharibi, ambako kwa bahati kulifanya kile ambacho kabati la kanda linafanya kwa makusudi.

Tumalizie na Google wenyewe, mwaka mmoja baada ya lile la Gmail, kwa sababu safari hii kanda zilikuwa nyingi na zilifika hadi mwisho wa uwezo wake. Machi 2012 mtumiaji wa huduma yao ya muziki alilalamika kwamba nyimbo zake zilizokuwa zikipiga vizuri sasa zinarukwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mashine ya kufutia, ile iliyopewa kazi ya kuondoa nyimbo ambazo wenyewe wamezifuta, ilikuwa imeondoa na zisizostahili. Nyimbo kama 600,000 za watumiaji 21,000.

Kanda zake zilikuwa kwenye maghala mbali na vituo vya data. Malori yakatumwa. Zilipofika, zaidi ya kanda 5,000, mafundi waliamua kuzitia kwa mikono, kwani mikono yao, kwa mpangilio waliojitungia, ilikuwa na kasi kuliko roboti za maktaba za kanda zilizotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Napenda kuipiga picha hali hiyo: kampuni yenye mitambo kuliko nchi nyingi, na watu wake wamesimama kwenye korido wakipokezana makasha. Kulikuwa na kazi za kurudisha 5,475 na petabaiti moja na nusu ya sauti. Kanda 17 zilikutwa mbovu, nazo zilikuwa zimetarajiwa kwa namna fulani, maana data ilikuwa imeandikwa kwa ziada ili kanda kadhaa zikifa nyingine zizifidie.

Walipohesabu walichokipata, nyimbo 436,223 zilikuwa zimerudi. Zilizobaki, kama 161,000, hazikuwa kwenye kanda yoyote kwa sababu zilifutwa kabla ya zamu yao ya kunakiliwa kufika. Ni lile pengo la SACCOS yetu, kwa kipimo cha Google. Baadhi zilikuwa za dukani kwao, na asili yake ilikuwapo. Nyingine walizipandisha watumiaji wenyewe kutoka kwenye CD na diski zao. Kwa hizo, seva za Google zilituma ujumbe kwa programu ya muziki iliyokuwa kwenye kompyuta za wateja, majumbani, zikiiomba izipandishe tena nyimbo zile kama bado ipo nakala kwenye mashine ya mwenyewe.